Mashariki mwa RDC: wanasheria vijana wanaotaka kutetea mazingira wajifunze kwanza kutengeneza dosie

Tarehe 9 Februari 2022, huko La Haye nchini Uholanzi, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (CIJ) iliamuru Uganda ilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vilivyoanza mwaka 1998. Milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa na waliokimbia makwao. Milioni 40 ni za nyumba na mali zilizoharibiwa. Milioni 60 zilizobaki ni za mali ya asili iliyoporwa: dhahabu, almasi, koltani, mbao, kahawa na nyingine.

Lakini kuhusu hasara ambayo mazingira yenyewe yalipata kwa sababu ya kukatwa kwa msitu, mahakama haikutoa hata dola moja. Majaji hawakusema kwamba miti haikukatwa. Walisema kwamba Congo haikuwaletea msingi wowote wa kupima hasara hiyo.

RDC ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Ilikuwa imefungua kesi mwaka 1999, na mwaka 2005 ilishinda: Uganda ilitangazwa kuwa na hatia, pamoja na kushindwa kuzuia uporaji katika Ituri iliyokuwa chini ya jeshi lake. Miaka 16 ikapita kati ya ushindi ule na hesabu ya pesa. Wakati huo wote msitu haukupata mtu wa kuupima, kuupiga picha, kuuandikia ripoti yenye tarehe na saini.

Kwa kijana anayesoma sheria leo Bukavu, Goma, Butembo, Uvira au Bunia, uamuzi ule ni somo kuliko vitabu vingi. Sheria za kulinda mazingira zipo. Mahakama za kimataifa zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu anayejua njia ya kutoka kijijini hadi kule, na anayefika kule na dosie iliyojaa.

Miti mia tatu ya Costa Rica

Miaka minne kabla ya uamuzi wa Congo, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekata kesi ya kwanza katika historia yake ya kulipia hasara ya mazingira. Ilikuwa Februari 2018. Nicaragua ilikuwa imechimba mifereji katika kipande kidogo cha ardhi ya Costa Rica, kwenye mpaka, na kukata miti karibu 300.

Costa Rica ilileta hesabu ya miti, umri wake, udongo uliotolewa, picha za satelaiti na wataalamu wa kueleza yote hayo. Iliomba dola milioni 6 na zaidi. Haikupewa zote: mahakama iliamuru ilipwe dola 378.890, na ndani yake 120.000 tu ndizo zilizohusu moja kwa moja mazingira yaliyoharibiwa. Ni pesa ndogo. Lakini majaji walikubali kanuni kubwa: mti na ardhi yenye maji vina thamani mbele ya sheria hata kama hakuna mtu aliyekuwa akiviuza.

Tuweke kesi hizi mbili kando kwa kando. Nchi ndogo ililipwa kwa miti 300. Nchi yenye msitu mkubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika haikulipwa chochote kwa msitu uliokatwa. Tofauti ilikuwa katika ushahidi.

Ndiyo maana mafunzo ya wakili wa mazingira yanaanzia kwenye maswali matatu ya kawaida sana. Mahali hapa palikuwaje kabla? Nani alifanya nini, lini? Na hasara ni kiasi gani? Swali la kwanza ndilo linaloangusha kesi nyingi, kwa sababu watu huanza kupiga picha mto ukiwa tayari umegeuka tope. Aliyepiga picha mwaka mmoja kabla, na kuihifadhi pamoja na tarehe na majira ya GPS, ana kitu ambacho wakili mwenye diploma tatu hawezi kukitengeneza baadaye.

Vyombo havikosekani. Picha za satelaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi mwaka 1972, na mtu anaweza kuzipata bure kwenye intaneti. Tovuti ya Global Forest Watch inaonyesha msitu unavyopungua mwaka baada ya mwaka. Simu ya kawaida inaweka majira ya mahali kwenye picha. Kwa maji, kazi ni ngumu zaidi: lazima iandikwe nani aliyachota, saa ngapi, chupa gani, nani aliyapokea na maabara gani iliyapima. Chupa ikipita mkononi mwa mtu mmoja asiyeandikwa, upande wa pili utauliza kama maji yale yalitoka kweli mtoni.

Fakulte inatoa msingi, kazi inataka zaidi

Anayemaliza fakulte ya sheria katika miji yetu anatoka akijua sheria ya familia, ya ardhi, ya mikataba na ya jinai. Ndizo kesi zinazoingia kabineti kila siku. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1979 inayosimamia kazi ya mawakili, anaingia baro na kufanya staji ya miaka miwili chini ya wakili mkubwa. Anachojifunza katika staji ni kile ambacho kabineti inakifanya. Kama kabineti haijawahi kushika kesi ya mto uliochafuliwa, naye hataishika.

Lakini sheria za kutumia hazikosekani hapa nyumbani. Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na kwamba serikali ina wajibu wa kuyalinda. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka kanuni za msingi: mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira lazima ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari zake, na wakaaji waulizwe. Sheria ya Februari 2014 inahusu hifadhi ya viumbe asili. Sheria ya Julai 2022 inalinda haki za Batwa na watu wengine wa asili wanaoitwa Pygmées.

Upande wa maendeleo nao una maandishi yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, chefferie au komine ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji, na kusaini nao orodha ya ahadi, ile tunayoijua kama cahier des charges. Na dekreti ya Agosti 2014 inaruhusu kijiji kuomba msitu wake wa jamii, hadi hekta 50.000, bila kikomo cha muda.

Kijana anayejua kusoma karatasi hizi anaweza kuwa na faida kwa chefferie yake hata kabla ya kesi yoyote. Anaweza kukaa na Mwami na wazee, akawasomea kwa Kiswahili kile ambacho kampuni iliandika kwa Kifaransa, akauliza shule iliyoahidiwa iko wapi, na barua ya kudai ikaandikwa na kupokelewa kwa muhuri. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ni mwanzo wa ushahidi.

Katika teritware ya Mwenga, mwezi wa Agosti 2021, serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilisimamisha kazi za kampuni kadhaa za kichina zilizokuwa zikichimba dhahabu kando ya mito. Wakaaji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu juu ya mashamba yaliyochimbuliwa na maji machafu. Kelele za wakaaji zilisaidia. Lakini kusimamisha kampuni ni uamuzi wa ofisi, na ofisi inaweza kuubadilisha. Kulipwa kwa shamba lililoharibika kunahitaji hukumu, na hukumu inahitaji dosie.

Kutoka Kahuzi hadi Banjul

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Bukavu ni ule wa Batwa wa Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600.000, na UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia mwaka 1980. Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu wa Kahuzi waliondolewa katika miaka ile, bila kuulizwa, bila kulipwa, bila kupewa ardhi nyingine.

Walijaribu kwanza mahakama za hapa nchini, bila kupata suluhisho. Mwaka 2015, shirika la Bukavu linaloitwa ERND, pamoja na shirika la kimataifa Minority Rights Group, lilipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, nchini Gambia. Tume ilifikia uamuzi mwaka 2022, na uamuzi ukatangazwa hadharani Julai 2024.

Tume iliona kwamba RDC ilivunja haki za Batwa juu ya ardhi yao, utamaduni wao, dini yao, mali yao ya asili na maendeleo yao. Ilikataa pia wazo la kwamba ili kulinda msitu ni lazima kuwafukuza watu waliokuwa wakiishi humo. Iliomba warudishiwe ardhi, walipwe na waombwe msamaha hadharani.

Kesi hii inafundisha mambo matatu. La kwanza: shirika dogo la Bukavu lilijua watu, vijiji na historia, na shirika la nje lilijua njia za Banjul. Hakuna aliyeweza kufika peke yake. La pili ni muda. Mtoto aliyezaliwa siku malalamiko yalipopelekwa alikuwa na miaka tisa uamuzi ulipotangazwa. Wakili anayeanza kesi ya namna hii lazima aitunze dosie vizuri kiasi kwamba mwingine anaweza kuiendeleza.

La tatu ndilo gumu. Tume haina polisi. Uamuzi wake unahitaji serikali iukubali na kuutekeleza, na huko Kahuzi ardhi haijarudishwa. Tangu Oktoba 2018, familia za Batwa ziliporudi ndani ya hifadhi zenyewe, kumetokea mapigano na walinzi, watu wamekufa pande zote mbili, na sehemu ya msitu wa milimani imekatwa kwa ajili ya makala na mbao. Biashara hiyo ina wakubwa wake, na Batwa si ndio wanaoshika faida.

Kwa hiyo anayesomea kazi hii hawezi kuchagua upande mmoja na kufumba jicho lingine. Sokwe wa Kahuzi wanahitaji msitu. Batwa wanahitaji ardhi yao. Mama wa Bukavu anahitaji makala ya kupikia jioni. Maendeleo endelevu, neno linalosemwa sana katika semina za hoteli, maana yake hapa ni kupata mpango ambao haumfuti mmoja kati ya hawa watatu.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unasema katika kifungu cha 24 kwamba watu wote wana haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Mazingira na maendeleo yamewekwa katika sentensi moja. Tume ilianza kukitumia kifungu hicho mwaka 2001, katika kesi ya Waogoni wa Nigeria ambao ardhi yao iliharibiwa na mafuta ya petroli.

Arusha: miezi miwili tu

RDC imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Watu wengi huona katika jambo hilo bidhaa, mipaka na jeshi. Wachache wanajua kwamba kwa kuingia pale, mkaaji wa Uvira au wa Beni alifunguliwa pia mlango wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, huko Arusha nchini Tanzania. Mtu binafsi anaweza kuishtaki serikali pale kwa kuvunja mkataba wa Jumuiya, ambao una sura nzima juu ya mazingira. Wala hahitaji kumaliza kwanza mahakama zote za nchi yake.

Mlango huo umewahi kulinda kitu kikubwa. Mwaka 2010, shirika moja la Nairobi la kutetea wanyama lilipeleka kesi dhidi ya mpango wa Tanzania wa kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti. Juni 2014 mahakama ilikataza barabara hiyo ya lami kwa sababu ya madhara ambayo ingeleta.

Lakini mlango huo unafungwa haraka. Malalamiko lazima yapelekwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu mlalamikaji akijue. Mwaka 2020 mashirika manne yalishtaki mradi wa bomba la mafuta la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1.443 kutoka Hoima, karibu na Ziwa Albert, hadi Tanga kwenye Bahari ya Hindi. Novemba 2023 mahakama iliitupa kesi bila kuingia ndani yake, ikisema walalamikaji walichelewa: makubaliano ya serikali waliyoyapinga yalisainiwa mwaka 2017.

Kwa sisi wakaaji wa upande wa pili wa Ziwa Albert, hilo si jambo la mbali. Wavuvi wa Ituri wanatumia maji yale yale. Wakili kijana anayesoma makubaliano ya serikali siku yanapotoka, badala ya kungoja mashine zifike, anaweza kuokoa kesi nzima.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, lakini ni kitu kingine. RDC imeridhia itifaki yake, ila haijatoa tamko la kuruhusu raia wake na mashirika kwenda moja kwa moja pale. Ni nchi chache tu za Afrika zilizotoa tamko hilo. Kumshawishi Rais na serikali walitoe ni kazi ya utetezi ambayo baro za mashariki zingeweza kuifanya kesho. Wakati huo huo, tarehe 2 Mei 2025, Umoja wa Mawakili wa Afrika (UPA) uliiomba mahakama hiyo itoe maoni juu ya wajibu wa nchi za Afrika mbele ya mabadiliko ya tabia nchi. Mawakili ndio waliopiga hatua, si serikali.

Si kila ushindi unatoka kwa jaji

Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanakumbuka SOCO. Kampuni hiyo ya Uingereza ilikuwa na haki ya kutafuta mafuta katika bloku ya V, inayogusa Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward. Virunga ni hifadhi ya tangu mwaka 1925, iko katika urithi wa dunia tangu 1979 na katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1994.

Oktoba 2013, shirika la WWF lilipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali ya Uingereza inayofuatilia kanuni za OCDE kwa kampuni kubwa. Ofisi hiyo si mahakama. Haiwezi kumfunga mtu wala kumtoza faini. Lakini Juni 2014 pande mbili zilikubaliana, na SOCO ikaahidi kuacha kazi zake Virunga. Nyuma ya makubaliano hayo kulikuwa na kazi ya hatari ya Wakongomani, miongoni mwao Rodrigue Katembo, mlinzi wa hifadhi aliyerekodi kwa kamera ya siri watu waliokuwa wakijaribu kumhonga. Alikamatwa na kuteswa mwaka 2013. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Goldman.

Njia nyingine inapita Ulaya. Novemba 2022, mashirika mawili ya Ufaransa yaliishtaki kampuni ya mafuta ya Perenco mbele ya mahakama ya Paris kwa uharibifu wa mazingira huko Muanda, magharibi mwa nchi yetu. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 inazitaka pia kampuni kubwa za huko ziangalie madhara ya matawi yao ya nje. Kanuni ni moja: ukijua kampuni ina makao wapi, nani ameikopesha pesa na nani ananunua madini yake, unapata mlango mwingine. Ndiyo maana wakili wa mazingira hujifunza kusoma ripoti za mwaka za kampuni kama vile anavyosoma hukumu.

Wanafunzi 27 wa Pasifiki

Kama kuna anayefikiri kwamba mambo haya ni ya wazee wenye kanzu nyeusi, aangalie kisa cha Vanuatu. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria katika Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walipewa zoezi la kutafuta njia ya kisheria ya kupambana na mabadiliko ya tabia nchi. Walipendekeza kuiuliza CIJ: nchi zina wajibu gani? Wakaandika barua kwa serikali za visiwa vyao. Serikali ya Vanuatu ikalichukua wazo lao.

Machi 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali swali hilo bila nchi yoyote kupinga. Tarehe 23 Julai 2025, majaji wote wa CIJ kwa pamoja walijibu kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na kwamba kuuvunja kunaweza kuleta deni la kulipa hasara. Miaka sita kutoka darasani hadi La Haye.

Wanafunzi wale hawakuwa na pesa nyingi kuliko wa Bukavu. Walikuwa na mwalimu aliyewapa zoezi la kweli, na serikali iliyofungua barua zao.

Mazoezi ya namna hiyo yapo pia Afrika. Chuo Kikuu cha Pretoria kinaandaa tangu mwaka 1992 mashindano ya kesi za kuigiza mbele ya Mahakama ya Afrika, na fakulte za nchi zinazotumia Kifaransa zinakaribishwa. Umoja wa Mataifa una maktaba ya video za sheria ya kimataifa kwenye intaneti, bure. Tovuti ya InforMEA inatoa masomo ya bure juu ya mikataba ya mazingira. Wanafunzi watano wenye simu moja na kifurushi cha mega wanaweza kuanza nayo Jumamosi.

Wakati tribinali zimefungwa

Kuna jambo ambalo hakuna mafunzo yanayoweza kulikwepa. Tangu Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mahakama za serikali zilisimama katika miji hiyo miwili. Mawakili walibaki na wateja lakini bila jaji. Wengine walikimbia, wengine wakafunga kabineti.

Hapo ndipo kanuni moja ya sheria ya kimataifa inapokuwa na uzito. Kwa kawaida, kabla ya kwenda Banjul, mlalamikaji lazima amalize njia za mahakama za nchi yake. Lakini Tume imesema mara nyingi kwamba njia hizo lazima ziwe zipo kweli, zifanye kazi na ziweze kutoa suluhisho. Mahali ambapo tribinali imefungwa na jaji amekimbia, mlalamikaji anaweza kueleza kwamba njia hiyo haipo. Lazima aithibitishe: barua iliyokosa wa kuipokea, tarehe, shahidi. Malalamiko ya Banjul hayalipiwi ada, na kifungu cha 56 cha Mkataba kinaorodhesha masharti saba ya kutimiza. Yanaingia katika ukurasa mmoja.

Hatari nayo haifichiki. Anayeuliza nani anachukua dhahabu au mbao anauliza juu ya watu wenye bunduki, hata awe upande gani wa mstari wa vita. Kivu ya Kusini ilikuwa na edikti yake ya kulinda watetezi wa haki na waandishi wa habari tangu mwaka 2016, na nchi nzima ilipata sheria ya watetezi Juni 2023. Karatasi hizo hazizuii risasi. Kwa hiyo usalama ni sehemu ya somo: jina la shahidi lisiandikwe kwenye simu inayoweza kunyang'anywa, nakala za dosie zitunzwe mahali pengine, na mtu asiende peke yake kwenye karieri kuchota maji.

Kuna pia njaa ya kawaida. Wakili wa staji mara nyingi halipwi mshahara, na mteja aliyepoteza shamba hana cha kumlipa. Mashirika ya nje yanalipia semina ya siku tatu pamoja na chakula cha mchana, kisha mradi unaisha. Kesi ya miaka tisa haiwezi kubebwa na semina ya siku tatu. Baro zingeweza kukubali kesi za mazingira zihesabiwe katika staji, na fakulte zingeweza kufungua kliniki za sheria ambako wanafunzi wanashika dosie moja, kundi moja likimaliza linakabidhi kwa linalofuata. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji kabati lenye kufuli na mwalimu mmoja asiyechoka.

Kazi ya kwanza inafanyika kwa Kiswahili

Sheria tunaisoma kwa Kifaransa. Arusha kazi kubwa inafanyika kwa Kiingereza. Lakini ushahidi wote unaanza kwa Kiswahili, Kinande, Kihunde, Mashi au Kilega, mdomoni mwa mama anayesema mwaka gani samaki walikwisha mtoni na harufu ya maji ilikuwaje. Wakili asiyejua kumsikiliza vizuri, na kuandika maneno yake bila kuyapamba, ataharibu ushahidi kabla haujavuka mpaka.

Hapo vijana wetu wana faida. Wengi wanasema lugha tatu au nne bila kuhesabu. Kiswahili chao kinafika Arusha, kinafika Bujumbura na Nairobi, waliko mawakili wenzao wanaopigana na matatizo ya aina moja. Kiingereza kinaweza kujifunzwa katika miaka miwili ya staji.

Uganda iliamriwa kulipa zile dola milioni 325 kwa awamu tano, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na mfuko wa FRIVAO uliundwa Kisangani ili kuwagawia waathiriwa. Vita vya sasa navyo vitaisha siku moja, na watu watakaa tena mezani kuhesabu hasara. Wataulizwa msitu wa Masisi ulikuwa na ukubwa gani, mto wa Mwenga ulikuwa na samaki gani, milima ya Kahuzi ilipoteza miti mingapi na nani aliikata. Majibu yanaweza kukusanywa tangu sasa, kijiji kwa kijiji, na vijana ambao leo wako nyumbani kwa sababu tribinali imefungwa.